Shangazi Nabintu Alivyokwenda Bukhara Kumwona Mwanawe

Habari za Mirindi zilimkuta shangazi yangu Nabintu akimlisha mzee wa Kizungu uji wa asubuhi. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Buffalo, kuwaosha, kuwageuza, kuwasikiliza wakimwita kwa majina ya dada zao waliokufa. Simu ilitoka Bukhara, mji wa Uzbekistan ambao mimi, kabla binamu yangu Mirindi, mwanawe, hajahamia huko, nisingeweza kuupata kwenye ramani hata ungenipa mchana mzima. Aliyepiga ni Mavluda, mke wa Mirindi. Alisema Mirindi amepata ajali barabarani asubuhi, amefariki, na wamekwisha kumzika. Siku ileile. Kwao Waislamu maiti hailali.

Shangazi alimaliza kumlisha yule mzee, akamfuta mdomo, akavua glavu, akaenda kwa mkubwa wake wa kazi kuomba ruhusa. Hakusema mtoto wake amekufa. Alisema kuna watu wanamwambia kwamba mtoto wake amekufa.

Mimi naitwa Séphora, naishi Columbus, na baba yangu Leonardi alikuwa kaka yake. Niliendesha gari mpaka Buffalo bila kusimama ila kwa mafuta. Nilipofika West Side, kwenye ile nyumba yake ya mbao inayolia kila ukipanda ngazi, nilikuta wanawake wa kanisa wamejaa barazani na thermosi zao, na wanaume wamesimama karibu na katoni za soda. Walikuwa wamekuja kukaa kilio, kama inavyotakiwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mama Marita, kiongozi wa akina mama, alinieleza kwamba wamebisha hodi tangu saa nne. Nami nikabisha. Shangazi akafungua dirisha kidogo, akawaambia wote kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa ndani:

"Muende mukunywe chai kwenu. Mimi sina kilio. Mutoto wangu sijamuona. Donc munataka nililie nini, simu?"

Wengine walidhani amechanganyikiwa. Mmoja alinong'ona kwamba labda ni aibu, maana kijana alibadili dini ili aoe, na kanisa halijui litaimba wimbo gani. Nilimtazama mpaka akaona soda yake ina kitu cha kusoma. Shangazi hakuwa na aibu wala wazimu. Mimi nilimwelewa kuliko wote, kwa sababu baba yangu alililiwa akiwa hai.

Wakati wa vita kule kwetu Walungu, Kivu, watu walitoka sokoni wakasema Leonardi ameuawa njiani, wamemwona kwa macho yao. Maiti haikupatikana. Tukalia. Mama yangu alikaa chini, akanyolewa, kilio kikaondolewa, na baada ya muda wake ukoo ukamruhusu aolewe tena. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka baba alivyorudi kutoka msituni, amevaa suruali ya mtu mwingine, akasimama uani kwetu na kumkuta mke wake ana mimba ya mwanamume mwingine. Watu waliogopa kumpa mkono. Aliishi miaka mingi baadaye, na mpaka anakufa hakuwahi kukaa kwenye kiti katika nyumba ya mtu bila kuambiwa mara mbili. Shangazi ndiye aliyeongoza kile kilio. Tangu siku ile alisema hatamlilia mtu ambaye hajamwona uso wake, na kila mtu kwetu aliijua kauli hiyo, ila hakuna aliyefikiri ingekuja kumfika kwa mwanawe wa pekee.

Sasa huyo Mirindi. Mtu wa masihara, mrefu, mvivu wa kuamka na mwepesi wa kucheka. Buffalo ilimshinda kwa theluji akahamia Louisville, akapata kazi kwenye ghala moja kule Jeffersontown, na huko akaangukia kwa Wauzbeki. Walimfundisha kuendesha malori makubwa, wakamfundisha kunywa chai isiyo na maziwa, mwisho wakamwoza binti yao. Watu wa kwetu walisema mengi. Shangazi alikwenda kwenye harusi Louisville akiwa amejiandaa kununa, akapewa sahani ya pilau, akala, akaniambia kwamba watu wanaojua kupika pilau namna hii hawawezi kuwa wabaya. Akacheza mpaka viatu vikamwacha. Baadaye baba yake Mavluda alipooza upande mmoja, na Mirindi na mkewe wakaenda Bukhara kusaidia kumuuguza. Kila mara alimtumia mama yake picha za kuta za buluu na minara. Shangazi alikuwa akizitazama kwa heshima, halafu ananiuliza mimi mbona mtoto amekonda.

Alipoamua kwenda kumwona, hakuna aliyeweza kumzuia, na mimi ndiye niliyejua Kiingereza cha viwanja vya ndege, basi nikawa mwenzake. Lakini kwanza alitaka tupite Louisville. Nilidhani anataka kulala kidogo kwenye kitanda cha mwanawe. Nyumbani kwa Mirindi alifungua kabati, akatoa suti ya harusi, shati jeupe, soksi mpya, akavikunja katika sanduku lake kama mtu anayempelekea mtoto nguo shuleni. Kwetu mtu anazikwa amevaa vizuri. Nilimwambia kwa upole kwamba Waislamu wanazika kwa sanda, na zaidi ya hapo, amekwisha zikwa. Akaniuliza kama nimemaliza, akaongeza tai.

Tukapita Istanbul, tukapita Tashkent, tukapanda treni. Uwanda ulikuwa wa rangi moja, kama unga wa muhogo uliomwagika, mpaka nikachoka kutazama. Shangazi alikaa wima, mkoba mapajani, sanduku la suti katikati ya miguu ili lisiibwe.

Bukhara walitupokea kwa kilio. Mama Saodat, mama yake Mavluda, alitoka na nguo ya buluu, ambayo ndiyo nguo yao ya msiba, akamwangukia shangazi kifuani akilia kwa sauti. Shangazi akamshika, akampapasa mgongo, akamwambia kwa Kiswahili apunguze, atajiumiza moyo. Ungeingia wakati ule ungedhani aliyefiwa ni Mama Saodat, na shangazi amekuja kutoa pole. Majirani walikuja mmoja mmoja wakimtazama macho, na macho yake yalikuwa makavu. Walitumiminia chai nusu kikombe, nikanuna nikidhani ni ubahili, kumbe ndiyo heshima yao, ili waendelee kukuongezea na usione wanataka uondoke. Ilinibidi nimwombe Mungu msamaha kwa yale niliyofikiri.

Shangazi alikuwa na swali moja. Aliniambia niulize nani alimwosha. Mavluda, ambaye ni msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, alijibu kwa Kiingereza kwamba mtaani kwao kuna wanaume wenye kazi hiyo. Shangazi akauliza kama walimwosha nyuma ya masikio. Mavluda hakujua. Shangazi ameosha maiti za Wazungu wangapi huko Buffalo kabla watoto wao hawajafika na maua, na wa kwake ameoshwa na watu asiowajua majina.

Kesho yake tulipelekwa makaburini na baba mdogo wa Mavluda, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyevaa kofia ya pembe nne. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mwekundu mwekundu hivi, na kibao. Shangazi alilizunguka. Alifungua sanduku, akatoa suti akaitandika juu ya kaburi, shati juu yake, na tai, akaipanga sawasawa. Kisha akamgeukia yule mwalimu.

"Bon. Mufungue."

Ilinibidi nitafsiri. Sijawahi kuwa na kazi ngumu kama ile. Mwalimu alidhani nimekosea neno, akaniomba nirudie.

"Mi sitaki vita na mutu," shangazi akasema. "Nimuone tu sura, nimuvalishe, murudishe udongo. Hata mi nitasaidia kuurudisha."

Yule mzee alikunja mikono kifuani akainama kabisa. Alisema angempa chochote alicho nacho, nyumba yake, lakini hilo hawezi, dini haimruhusu, na hakuna mtu Bukhara atakayeshika koleo. Aliyasema kwa unyenyekevu mwingi hata ningependa awe mkali, maana ukali ungempa shangazi mtu wa kugombana naye. Shangazi alisimama pale upepo ukimpeperushia kitenge. Baadaye akaanza kuikunja suti, mkono baada ya mkono, akaipiga vumbi.

Njiani kurudi aliniambia kwamba ameona udongo. Udongo hata Walungu upo.

Wenyeji hawakujua wafanye nini na mgeni asiyelia. Nadhani ndiyo sababu yule mwalimu aliamua kututembeza mjini, kwa kuwa kumwonyesha mgeni mji wako ni adabu inayofaa siku zote. Basi tukatembea Bukhara, sisi wawili wa Kivu, kama watalii. Na mji ni mzuri, siwezi kuusingizia. Kuna mnara uitwao Kalon, umejengwa kwa matofali ya kuchoma tangu miaka mia tisa iliyopita, na kila mkanda wa matofali una nakshi yake, hakuna unaofanana na mwingine. Kuna msikiti chini yake wenye kuba kubwa ya buluu ya kijani ambayo sijui niiite nini, na ukumbi wa nguzo nyingi ambamo hatua zako mwenyewe zinakujibu. Nililia mimi. Nililia kwa sababu Mirindi alikuwa akisimama hapa na simu yake na kutafuta pembe nzuri ya picha, ili mama yake kule kwenye theluji apate kitu cha kutazama.

Shangazi aliweka kiganja kwenye tofali, akasema hata kwetu wanachoma matofali, ila hawana subira hii. Halafu akaendelea kufanya alichokuwa akifanya tangu tushuke kwenye treni. Alikuwa akitazama watu. Kila kona alichungulia kwanza. Kila mwanamume mrefu alipotokea kwa mbali, jua likiwa mgongoni mwake, hatua zake shangazi zilipungua. Nilielewa, nikashikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Alikuwa anamtafuta.

Chini ya moja ya masoko yao ya kale, yale yenye paa la kuba ambamo njia nne zinakutana, kulikuwa na mfua chuma anayeuza visu na mikasi yenye umbo la ndege. Shangazi akamwonyesha picha kwenye simu. Yule mtu uso wote ukafunguka. Akasema, "Mirindi," akacheka, akaonyesha kwa mkono jinsi alivyo mrefu, akaashiria kunywa chai pamoja, akaelekeza njia ya kuingilia kama kusema kwamba hupitia pale. Hakuwa na habari. Alikuwa safarini wakati wa mazishi.

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. "Umeona?" akaniambia. "Ule anasema iko."

Mwalimu alimsogelea yule fundi akamwambia maneno machache. Fundi akaweka nyundo chini. Akaweka mkono moyoni, akaangalia chini, na hakuweza kumtazama shangazi tena. Lakini shangazi alikuwa amekwishageuka, anatazama ile njia.

Sikujua nimfanye nini. Nilimwambia, kwa ukali kuliko nilivyotaka, kwamba Mavluda si watu wa sokoni kule kwetu, kwamba alimwona mumewe kwa macho yake hospitalini. Akanijibu kwamba hata waliosema wamemwona Leonardi walikuwa na macho. Hapo alinimaliza. Siku zote zilizobaki nilifikiri jambo moja tu, kwamba tutarudi Amerika hivi hivi, atafunga mlango wake wa Buffalo, na maisha yake yote atakuwa anasubiri mtu apande zile ngazi.

Ikafika siku ya kuondoka. Treni ilikuwa ya jioni. Tumekwisha kula, mizigo iko mlangoni, mzee aliyepooza ameshatuaga kwa mkono wake mzima. Mama Saodat akatoka jikoni na mkate wao wa duara, wa moto, umepigwa mhuri wa maua katikati, akaupeleka mpaka mdomoni kwa shangazi. Mavluda akanieleza: kwao mtu anayesafiri huuma mkate, mara moja tu, halafu mkate unatundikwa ukutani na hakuna anayeugusa. Unamsubiri. Akirudi salama ndipo anaumaliza mwenyewe. Mama yake anataka shangazi aje tena.

Nikatafsiri. Shangazi hakuuma. Aliutazama ule mkate, akauliza, "Na Mirindi aliuma?"

Sikupata nafasi ya kutafsiri. Mavluda alikuwa ameelewa, kwa kuwa mumewe alimfundisha Kiswahili chetu kwa miaka, na tangu tufike alikuwa hajakitumia hata mara moja, labda kilimuuma. Mama yake akamuuliza jambo, akajibiwa. Mama Saodat akaweka mkate wa moto mezani, akaenda chumba cha ndani, akakaa huko kidogo. Alirudi na kitu kilichofungwa katika kitambaa cheupe. Baadaye niliambiwa kwamba kilikuwa ukutani, akakiondoa baada ya msiba kwa kuwa hakuweza kukiona wala kukitupa.

Ulikuwa mkate mkavu kama kigae, na ukingoni umeumwa mara moja.

Lazima niseme habari ya jino. Mirindi alipokuwa kijana, tukiwa Bujumbura tukisubiri safari ya kuja Amerika, alifungua chupa ya Fanta kwa meno ili awafurahishe wasichana, jino la mbele la juu likakatika kwa mshazari. Shangazi alimchapa, kisha akalia yeye. Louisville daktari alitaka kulitengeneza, Mirindi akakataa, akasema ndilo lililompatia mke. Sasa pale penye ule mkate, meno yalikuwa yamekata safi pande zote mbili, na katikati kumebaki kipande kidogo cha mshazari kilichochomoza, ambacho jino halikukifikia.

Shangazi aliweka kidole hapo. Alikipitisha taratibu, akarudia. Uso wake ulibadilika kabisa, ukawa wa mtu mzee.

"Njo yeye," akasema. "Ni yeye."

Halafu akainua macho. Sisi tulikuwa tumeambiwa kwamba asubuhi ile Mirindi alipanda gari kwenda stesheni, likagongwa na lori, na hatukuuliza zaidi. Lakini mkate unaumwa na msafiri. Akamuuliza mkwewe alikuwa anasafiri kwenda wapi.

Mavluda alijibu kwa Kiswahili. "Kwako, mama. Alikuwa anakuya kwako. Alisema nisikuambie. Alitaka ufungue mlango tu, umuone."

Mimi nilijua simu zao zilivyokuwa. Kila Jumapili shangazi alimaliza kwa maneno yaleyale: utakuja lini, au unangoja uje kunizika? Na Mirindi kila Jumapili alicheka. Ni maneno ya akina mama, hata mimi nawaambia wanangu, hayana uzito wowote.

Shangazi alikaa chini sakafuni. Hakuanguka, alikaa, kama mtu anayekaa mahali pake. Aliuweka ule mkate mapajani.

"Mi nilikuwa nasema tu," akamwambia. "Mirindi. Mutoto wangu. Nilikuwa nasema tu. Bamama banasemaka tu."

Akafungua kitambaa cha kichwani, akakitupa, na sauti iliyomtoka sikuwa nimeisikia tangu Walungu, ile ya kumwita marehemu kwa jina lake, na jina la babu yake, na la kijiji alichozaliwa. Mama Saodat alikaa chini karibu naye akaanza ya kwao. Hawakuelewana hata neno moja, na walipokezana bila kukosea. Treni iliondoka bila sisi. Mwalimu alitoa mizigo mlangoni akairudisha ndani, bila kuulizwa na mtu.

Mimi nilitoka uani nikampigia Mama Marita. Kule kwao ilikuwa asubuhi, nilisikia basi likipita nyuma yake. Nikamwambia awaite watu, wafungue nyumba, waanze kilio. Akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa shangazi alishawakataza, na hawataki kumkosea mara ya pili.

"Amemuona?" akauliza.

Nilisikiliza zile sauti mbili kutoka ndani.

"Ndiyo," nikamjibu. "Amemuona."